Shimo Nyuma ya Gorofa ya Kilonzo

Mwenyekiti wa kundi letu la wenye ploti aliniandikia kwenye simu: "Mama Mwende, sasa umestaafu. Waandikie vijana wetu wanaoanza kujenga kitu cha kuwatia moyo." Nimeandika. Moyo mtautafuta kwingine.

Mimi na mume wangu, Mutua, tumepangisha nyumba tangu kifungua mimba wetu, Mwende, akiwa mgongoni, hadi juzi tulipomkabidhi yeye funguo. Sitawaambia tulianza na nini wala tumebaki na nini. Hayo mnayaulizana vya kutosha kwenye kundi. Nitawaambia kazi yenyewe ilivyokuwa, na nitawaambia habari ya Zawadi, mtoto wa mpangaji wetu, kwa sababu baadhi yenu mlikuwepo na mmenyamaza mpaka leo.

Kazi sikuianzia Kitengela. Nilianzia Kajiado mjini, kwenye ploti ya mama mmoja Mmaasai, mjane, ambaye kila mtu alimwita Yeyo, yaani mama. Mutua alikuwa amepata kazi ya zamu kiwandani, upande wa Athi River, na sisi tulikuwa tumetoka Makueni na kitanda, jiko na mtoto. Tulipanga chumba kimoja kwa Yeyo. Siku ya pili alinikuta nikifagia uwanja wote badala ya mlango wangu tu, akasimama akaniangalia.

"Takwenya," akanisalimu.

Sikujua la kujibu. Nikasema, "Shikamoo."

"Hapana. Unajibu 'Iko.' Halafu kesho unafagia tena, lakini kesho ni kazi."

Hivyo ndivyo nilivyoandikwa kazi. Sijawahi kupata mahojiano mafupi kama yale, na sijui kama kuna mengine yaliyonifaa zaidi.

Yeyo hakuwa mtu wa maneno matamu. Alinifokea mbele ya wapangaji na kunisifu nikiwa sipo. Alinifundisha kubisha hodi na kungoja nijibiwe, hata kama ninajua mtu yuko ndani na anajificha. Alinifundisha kwamba ukigombana na mpangaji usimkatie maji, kwa kuwa maji hayajagombana na mtu. Mlango wa chumba nilitakiwa kuufungua na kuufunga mwenyewe kabla ya kumpa mgeni ufunguo, ili nijue unakwama wapi, asije akausukuma kwa bega na kuvunja bawaba. Nilikaa kwake mpaka nilipojua mlio wa kila bomba. Bomba lenye hewa hukohoa. Bomba linalovuja chini ya sakafu huimba kidogo tu, kama mtu anayepiga mluzi akiwa chumba cha tatu.

Tulipopata ploti Kitengela, ile ya futi hamsini kwa mia, haikuwa na kitu isipokuwa mbigili na udongo mweusi. Ninyi mnaonunua sasa mnaujua udongo huo kwenye viatu tu. Mvua ikinyesha unavimba kama unga wa chapati. Jua likiwaka unapasuka hadi mkono unaingia. Ukijenga juu yake, ukuta wako utapasuka pamoja nao. Mutua alitoka zamu ya asubuhi, akabadili nguo, akachukua mtaimbo na sururu, akachimba pamoja na vibarua mpaka wakaufikia mwamba. Jirani wa upande wa barabara alitucheka: "Mnatafuta dhahabu?" Nyumba yake ilipasuka kutoka linta, ule mkanda wa zege juu ya madirisha, hadi sakafuni, na siku hizi amepaka rangi mbili ili ufa uonekane ni pambo.

Kazi tuligawana bila kuketi kikao. Mabomba, pampu, mabati na mafundi vilikuwa vya Mutua. Watu walikuwa wangu. Lakini kila aliyegonga geti letu, awe muuza kokoto, awe fundi wa umeme, awe afisa wa leseni, aliniangalia mimi mwenye funguo kiunoni akauliza, "Mwenye nyumba yuko?" Mwanzoni nilijibu, "Ndiye mimi." Baadaye nikawa nasema, "Amekufa," na kuwaacha wakinipa pole huku Mutua akiwapita na ngazi begani.

Tulikutana na mambo. Kuna kijana mpole wa bedsita, kile chumba kimoja chenye bafu lake, ya mwisho uwanjani ambaye hakuwahi kuwa na mgeni wala kelele, mpaka siku harufu iliponivuta mlangoni kwake. Nikabisha hodi, akafungua kidogo. Nyuma yake sakafu yote ilikuwa ya manjano na ilikuwa ikitembea. Alikuwa ameleta vifaranga kutoka Isinya, akalala yeye juu ya meza na kitanda akawaachia wao. "Mathe, ni wa wiki moja tu," akaniambia, "wakishika tu manyoya nawahamisha." Kuna mama mwingine aliyehama akiwa ameng'oa soketi za taa, pazia la bafu na, sijui kwa nini, kizingiti. Hayo yote huchekesha ukiyakumbuka. Ninayafikia yasiyochekesha.

Kilonzo alikuwa jirani yetu ukuta kwa ukuta. Alitoka Makueni kama sisi, kata moja na Mutua, na kanisani alikuwa mzee wa kuheshimiwa. Sitamnyima haki yake: tulipokuwa tumefika linta, fundi wetu mkuu akatoroka na vipimo, Kilonzo ndiye aliyetuazima mashine ya kuchanganya zege pamoja na watu wake, tukafunga kazi kabla ya mvua. Mutua hakusahau. Aliposema "Kilonzo" alisema kama mtu anayetaja ndugu wa tumbo moja.

Tulichimba kisima kwa mashine, tukapata maji. Yalikuwa na chumvi kidogo, kama maji yote ya huku, lakini yalikuwa maji, na hapa kwetu mtu mwenye maji husalimiwa na watu asiowajua. Tukaweka bomba uwanjani, mpangaji anachota atakavyo. Nililionea fahari bomba lile kuliko nyumba zenyewe. Kilonzo naye akaleta mashine ile ile, ikachimba nyuma ya ploti yake, si mbali na ukuta wetu. Ilinguruma, ikatoa vumbi jeupe, ikazidi kushuka, na maji hayakuja. Wakaacha bomba la chuma limesimama ardhini, wakaenda. Alikuja kwetu akacheka, akasema, "Baba Mwende, Mungu ameamua nyinyi ndio wenye maji. Mimi niachieni gorofa."

Na gorofa akaijenga, ghorofa juu ya ghorofa, mpaka kamba zangu za nguo zikakosa jua. Lakini shimo la maji taka alilichimba akafika mwamba akachoka. Watu wale wote wakaishi juu ya shimo lililotosha vyumba vya chini peke yake. Mwanzoni gari la kunyonya choo lilikuja mara kwa mara, na wapangaji wake wakawa wanafunga madirisha, na wangu pia. Halafu gari likaacha kuja.

Nilimuuliza Mutua, "Hawa watu wa Kilonzo wameacha kwenda choo?"

"Kilonzo ni mtu wa mipango," akanijibu, akaendelea kukaza nati.

Nikalichukua jibu hilo. Nilikuwa na mume anayejua mabomba. Kwa nini nisimwamini?

Akinyi alikuwa mpangaji wetu wa chumba kilicho karibu na bomba. Alifanya kazi Isinya, kwenye shamba la maua, akitoka alfajiri na kurudi mikono ikiwa imekwaruzwa na miba ya waridi. Alikuwa anamlea binti yake, Zawadi, peke yake. Mtoto alikuwa ndio ameanza darasa la kwanza. Akitoka shule alikaa kwenye ngazi yangu akicheza duka: mawe ni viazi, majani ni sukuma wiki, na hukuuziwa kitu bila kusalimu kwanza. Nikipita na ndoo bila kusema neno, aliniita: "Mama Mwende, hujaniamkua!" Nilirudi nikamwamkua. Kisha alikimbia bombani, akafungua, akakinga kiganja, akanywa. Watoto wote walikunywa hivyo. Sisi tuliwaona tukafurahi kwamba ploti yetu haina mtoto mwenye kiu.

Wa kwanza kulalamika alikuwa kijana wa chumba cha nne, dereva wa bodaboda. Alinifuata na sufuria mkononi. "Mathe, hii maji imebadilika. Nikiosha mchele inanuka mtaro. Nusa."

Nikanusa. Nilisikia kitu, lakini kidogo, kama nguo iliyokaa kwenye maji. Mutua akasema ni mabomba yamezeeka, akasafisha tangi na kuweka dawa. Harufu ikapotea kidogo, ikarudi. Watu wakaanza kuumwa matumbo, mmoja leo, wawili kesho. Tukamlaumu mama wa mandazi aliyekuwa na kibanda getini. Yule mama alikaanga mandazi yake kwenye mafuta yanayochemka, mbele ya macho yetu, na bado tukamwona ndiye mchafu. Wateja walimwishia akafunga akaenda. Hakuna aliyewahi kumwomba msamaha isipokuwa mimi, na nilimtafuta mpaka Kimuka ndipo nikampata.

Zawadi alianza kwa kichwa na homa. Akinyi akampeleka duka la dawa, akapewa vidonge vya malaria. Homa ikashuka, ikapanda. Mtoto akaacha kula, akaacha duka lake la mawe. Akinyi aliomba ruhusa kazini akanyimwa. Akaniachia mtoto mchana, mimi nikawa nampa maji. Nisikilizeni vizuri hapo. Mtoto ana homa, na mimi, kwa upendo wangu wote, namnywesha maji ya bomba letu kikombe baada ya kikombe.

Tumbo lilipovimba likawa gumu, Mutua alikodi gari tukamkimbiza Kajiado, hospitalini. Daktari aliyempokea alikuwa mwanamke mdogo kwa umri, amechoka, lakini mikono yake ilikuwa ya upole. Akamgusa, akaita wenzake. Alitueleza kwamba ni homa ya matumbo, na utumbo umetoboka. Wangempasua. Halafu akauliza swali moja huku akiandika: "Mnakunywa maji ya wapi?"

Akinyi aligeuka akaniangalia mimi.

Walimpasua. Zawadi aliishi siku chache baada ya hapo, akafariki mchana, mama yake akiwa amemshika mguu kwa kuwa mikono yote ilikuwa na mipira ya dawa.

Akinyi alimchukua akaenda kumzika kwao. Mimi nilirudi Kitengela, nikafunga valvu ya kisima kwa mikono yangu, nikaondoa kishikio cha bomba la uwanjani. Nikachota maji ya tangi kwenye chupa, nikayapeleka maabara. Kijana aliyeyapima aliponipa majibu aliniuliza, bila utani, "Mama, hii sampuli uliitoa chooni?"

Sikulia. Niliweka ngazi ukutani mchana kweupe, kila mtu akiona, nikapanda nikaangalia nyuma ya gorofa ya Kilonzo. Niliona shimo lake la maji taka lililofunikwa. Kutoka hapo lilitoka bomba jeusi la plastiki, nene, limefukiwa nusu, limepita chini ya mti wa mpera, likaingia kwenye lile bomba la chuma la kisima kilichokosa maji. Kisima kikavu. Uchafu wa gorofa nzima alikuwa anaumwaga ndani ya ardhi, kina kile kile tulichochota sisi, mbali na macho, kwa sababu gari la kunyonya lilikuwa linamsumbua.

Nikamwita jina, bila mzee, bila bwana. Akatokea na kikombe cha chai.

"Mama Mwende, teremka, utaanguka."

"Hili bomba linaenda wapi?"

"Hiyo ni ya maji ya mvua tu. Ya kumwagika."

"Mvua ya wapi, Kilonzo? Huu ni mwezi wa vumbi."

Akaangalia kikombe chake. Kisha akasema kwa sauti ya kanisani, "Dada yangu, najua mna huzuni. Tusitafute mchawi. Mtoto ni wa Mungu."

Nilishuka kwa sababu kama ningebaki ningemtupia ngazi.

Sasa mtaniuliza Mutua alikuwa wapi. Alikuwa chini, ameshika ngazi. Alisikia kila neno na hakusema lolote. Nilidhani ni mshtuko.

Wiki hiyo Akinyi alirudi kuchukua vitu vyake. Alikuja na kaka yake, wakapakia kitanda na jiko kwenye mkokoteni. Viatu vya shule vya Zawadi alivibeba mwenyewe. Tulisimama uwanjani, mimi na mume wangu, kama watu waliokuja kwenye msiba wa nyumba yao wenyewe. Alipomaliza alinijia, akasimama karibu kabisa.

"Mama Mwende, nataka kitu kimoja tu. Uniambie. Mlijua?"

"Sikujua, mwanangu. Naapa kwa Mungu sikujua."

Akatikisa kichwa kukubali, akageuka kuondoka. Hapo ndipo niliposikia sauti ya Mutua nyuma yangu.

"Mimi niliona lile bomba."

Hata kaka yake Akinyi aliacha kufunga kamba.

"Kilonzo aliazima spana yangu ya kuungia," Mutua akasema. "Nikaenda kuichukua. Nikaona mahali limeelekea. Nikamuuliza, akasema ni ya mvua. Nilijua si ya mvua. Mimi ni mtu wa mabomba. Nilijua."

Akinyi alimgeukia. Nilingoja ampige. Ningemsaidia. Lakini alisema tu, kwa utulivu uliokuwa mbaya kuliko matusi, "Baba Mwende, wewe ndiye ulikuwa unampakata akifungwa kamba za viatu." Akashika mkokoteni upande wa pili, wakaenda.

Sikuongea na mume wangu. Niseme ukweli wa ndoa kwa kuwa mnasema biashara hii ni ya mume na mke na mnaweka picha zenu mkiwa mmeshikana mikono mbele ya msingi. Nilimpikia, kwa sababu tumbo lake likinguruma liliniumiza sikio, lakini sikula naye. Nilimuuliza swali moja: kwa nini. Akaniambia, "Alitujengea linta." Hilo tu. Linta. Nikahama nikalala chumba cha Akinyi, kwenye sakafu tupu, mpaka Mwende alipokuja kutoka chuoni akatukuta hivyo akalia.

Alichofanya Mutua baadaye hakikumrudisha Zawadi, na sikisemi ili kumpamba. Kundi la wenye ploti liliitisha mkutano. Mnaukumbuka. Viti vya plastiki, chini ya hema, Kilonzo ameketi mbele kama mgeni wa heshima. Nilisimama nikaeleza: bomba, kisima kikavu, majibu ya maabara, mtoto. Nikaomba jambo dogo: tufunge visima vyote vya karibu mpaka vipimwe, tuwaambie wapangaji wetu, na lile shimo lizibwe.

Mmoja wenu, simtaji, yuko kwenye kundi na anasoma, alisimama akasema, "Mama, tunakupa pole sana. Lakini ukitangaza maji ya mtaa huu ni mabaya, nani atapanga hapa? Utatuharibia soko." Na mkapiga makofi. Si wote. Lakini wengi wenu mlipiga makofi, na waliobaki mkaangalia simu.

Kilonzo akainuka akasema mama huyu amechanganyikiwa na huzuni, tumwombee. Akainamisha kichwa kuanza sala.

"Usiombe," Mutua akasema.

Mume wangu hajawahi kusema mbele ya watu. Hata harusini kwetu alizungumza kaka yake. Alisimama ameshika kofia yake, akasema, "Kilonzo, spana uliyofungia ni yangu. Nililiona bomba kwa macho yangu na nikanyamaza kwa ajili yako. Nimemwambia mama wa mtoto. Sasa nawaambia hawa. Kesho naenda kuwaambia polisi, na nikiulizwa kwa nini nilinyamaza nitajibu hilo pia."

"Baba Mwende," Kilonzo akasema, "mimi na wewe tumetoka mbali."

"Ndiyo. Na hapa tumefika."

Alienda kweli, nami nikaenda naye, bila kuzungumza njiani. Aliandika maelezo yanayomshitaki yeye mwenyewe. Maafisa walikuja ploti kwa Kilonzo, wakapiga picha, wakanywa soda, wakaondoka. Tulipofuatilia ofisi fulani tukaambiwa faili iko juu. Tukaenda juu, tukaambiwa imeshuka. Kwa wakati huo Kilonzo alikuwa amekata bomba, akalifunika shimo kwa zege, akapanga matofali ya kabro juu na kuweka maua kwenye vyungu. Aliposhauriwa na wakili wake, aliuza gorofa, akahama. Nasikia anajenga tena mahali pengine. Nasikia pia ni mzee wa kanisa huko.

Hakuna aliyefungwa. Hiyo ndiyo hasira yangu, naibeba kama mtu anavyobeba ugonjwa wa mgongo, naamka nayo. Sina haja ya ninyi kuniombea initoke.

Sisi kisima chetu tulikiziba. Niliwakusanya wapangaji wote uwanjani nikawaambia kila kitu, tangu mwanzo. Wengi wakahama, na walikuwa na haki. Niliandika kwa rangi nyekundu getini kwamba kisima cha ploti hii kimefungwa kwa sababu maji yake yameua mtoto. Mlinitumia ujumbe niifute. Mlikuja na mchungaji. Haikufutwa mpaka jua lilipoifuta. Tukaishi kwa maji ya bauza, lile lori la tangi, tukichuja na kuchemsha, vyumba nusu vikiwa vitupu, Mutua akifanya vibarua vya mabomba kwa watu ili tusonge. Kila alikopelekwa kufanya kazi alizunguka kwanza nyuma ya jengo. Alipofika mahali wakamkataza kuzunguka, alikusanya spana zake akarudi nyumbani. Nikaanza tena kula naye. Sikumwambia nimemsamehe, kwa sababu msamaha huo haukuwa wangu kuutoa, na yeye hakuniomba. Tuliendelea na kazi, tukazeeka ndani yake.

Akinyi alihamia Loitokitok, kwenye mashamba ya nyanya ya kumwagilia. Tulipata namba yake kwa kaka yake, nikawa nampigia kila mara. Mwanzoni aliipokea simu akanyamaza, nami nikanyamaza, tukakata. Baadaye tukaanza kuzungumza. Ana mtoto mwingine sasa, mvulana. Mutua hajawahi kuomba simu aongee naye. Nikimaliza huuliza tu, "Yuko salama?" na akienda kuoga hukaa bafuni muda mrefu.

Mwezi uliopita, tukiwa tumeshakabidhi funguo kwa Mwende, Akinyi alipiga yeye mwenyewe, sauti juu. Alikuwa amepata chumba kizuri, karibu na kazi. Akamuuliza mwenye ploti maji yanatoka wapi na uchafu unaenda wapi, na kama anaweza kuonyeshwa. Yule mtu akamwambia, "Wewe ni mpangaji wa maswali. Mimi sitaki shida. Tafuta kwingine."

"Yuko hapo?" nikauliza.

"Yuko hapa, anafunga mlango."

"Mpe simu."

Nikasikia wakibishana, kisha sauti ya mwanamume, ya kijana, yenye haraka. "Haloo, ni nani?"

"Mimi ni mwenye nyumba wake wa zamani," nikasema. "Alikaa kwangu, akilipa vizuri, akisafisha ngazi bila kuambiwa, na maji ya ploti yangu yakamuulia mtoto. Wewe umejenga lini?"

Nikasikia funguo zikigongana mkononi mwake.

"Nakuuliza, kijana. Umejenga lini?"

"Mwaka jana, mama."

"Na mke wako mnasaidiana?"

"Ndiyo. Yuko hapa."

"Mweke asikie."

Sauti ikabadilika, aliniweka kwenye spika. Nikawaeleza wote wawili, kwa ufupi kuliko nilivyowaeleza ninyi, na kwa ukali zaidi. Sikuwaita wanangu. Nilipomaliza, mwanamke ndiye aliyeongea kwanza. Hakuongea na mimi. Alimwambia mume wake, "Si uchukue mtaimbo ufungue shimo la choo, umwonyeshe?" Mume akasema kitu sikukisikia. Mke akarudia, safari hii kwa nguvu: "Leta mtaimbo, Baba Imani. Hata mimi sijawahi kuona bomba linakoelekea."

Nikasikia viatu, chuma kikigonga zege, mtoto wa Akinyi akiuliza maswali. Mutua alikuwa ameketi karibu yangu, ameacha kutafuna.

"Mama Mwende," Akinyi akasema, "wamefungua."

"Basi usikimbilie kuweka vitu vyako ndani," nikamwambia. "Inama. Angalia mpaka utosheke."